Mwongozo kamili: kuchonga mguu wa kucha na tufe, na kurudishia kidole kilichovunjika

Picha ninazotumiwa na mafundi zinafanana. Kiti cha mahogani cha mtindo wa Philadelphia, Marekani, wa miaka ya 1760, mguu wa mbele uliochongwa kama vidole vyenye kucha vilivyoshika tufe, kidole kimoja kimepachikwa upya, na jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kile kidole kipya. Kimevimba, au kimekonda, au kimelala pembeni wakati wenzake watatu wanaliminya tufe. Gundi iliyotumika ni ile nyeupe ya dukani, na mguu mzima umepigwa msasa ili rangi zilingane. Fundi amejitahidi, na kiti kimeharibika kuliko kilivyoletwa.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: kipande kimechongwa mezani mpaka kikakamilika, ndipo kikabandikwa. Njia sahihi ni kinyume chake. Unabandika kipande kikubwa kisicho na umbo, kisha unakichongea hapo hapo mguuni, vidole jirani vikikuongoza.

Sasa, mkono ambao haujachonga mguu mzima hauwezi kuvisoma vidole jirani. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili. Kwanza utachonga mguu mmoja wa mazoezi tangu gogo hadi kucha. Baada ya hapo ndipo utagusa kiti. Tafadhali usiruke sehemu ya kwanza.

## Vifaa

Mbao ya mazoezi. Gogo la mraba lenye upana wa milimita 70 kila upande na urefu wa milimita 200 hivi. Mkangazi unafaa. Ni ndugu wa mahogani na hukatika vizuri kwa patasi kali, ingawa nyuzi zake hupishana na zitakulazimisha kugeuza upande wa kukata mara kwa mara.

Mbao ya kiraka. Hapa mkangazi haufai. Mafundi wa Philadelphia walitumia mahogani ya visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, na kiraka kiwe cha mti wa jamii hiyo hiyo, la sivyo vitundu vya mbao na rangi vitaachana kadiri miaka inavyokwenda. Biashara ya kimataifa ya mahogani hiyo inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, basi nunua yenye karatasi zake, au tafuta mabaki ya fanicha ya zamani iliyokwisha kufa kabisa. Usikate fanicha nzima ili upate kiraka.

Patasi. Bobari (patasi za mdomo uliopinda) mbili za mdomo uliokaribia kuwa bapa, za milimita 12 na 20. Bobari ya wastani ya milimita 8. Bobari ya kina ya milimita 5. Patasi ya mdomo wa V ya milimita 6. Na patasi nyoofu ya milimita 12. Ziwe zimenolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25 na kusuguliwa kwenye ngozi yenye dawa ya kung'arisha.

Vya kushikia na kupimia. Jiriwa, klampu mbili ndogo, nyundo ya mbao, msumeno wa upinde, tupa ya mbao yenye meno laini, skrepa ndogo ya chuma, bikari, kadibodi, penseli. Ongeza mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliokatwa vipande virefu vya upana wa vidole viwili.

Gundi na rangi. Gundi ya ngozi ya wanyama ya chembechembe, ya nguvu ya gramu 192 (kipimo cha nguvu ya gundi hii), pamoja na kipimajoto na sufuria mbili za kuingiana. Shelaki ya vipande (ya kung'arishia mbao, huyeyushwa kwa spiriti), spiriti, rangi za unga zinazoyeyuka katika spiriti, nta, na pamba.

Kamera na taa unayoweza kuilaza pembeni.

## Sehemu ya kwanza: mguu wa mazoezi

### 1. Chora kabla ya kukata

Kwenye kitako cha gogo piga mistari miwili ya kukatisha kona kwa kona. Inapokutana ndipo katikati. Weka bikari hapo na uchore duara linalogusa pande zote nne, nusu kipenyo milimita 35.

Angalia ulichopata. Kutoka katikati hadi kona ni karibu milimita 49. Toa 35, zinabaki 14. Hizo milimita 14 za kila kona ndizo unene wa vidole vyako, na tufe ndilo lililobaki ndani. Vidole vinne, kona nne.

Sasa simamisha gogo. Pima milimita 50 kutoka chini na uzungushe mstari: hapo ndipo kilele cha tufe. Tufe la Philadelphia limebonyea kidogo, upana umeuzidi urefu, kana kwamba uzito wa mwenye kiti umelikandamiza. Ukilifanya la duara kamili, mguu utaonekana umesimama kwa ncha.

Kwenye kila uso, chora mstari milimita 9 kutoka kila ukingo. Eneo la katikati ni tufe, pembeni ni vidole.

Halafu weka nukta ya penseli katikati ya uso wa tufe, milimita 25 kutoka chini. Fanya hivyo nyuso zote nne. Nukta hizo ndizo sehemu pana kuliko zote za tufe. Patasi isiziguse hadi mwisho wa kazi. Zikifutika, tufe limeshakuwa dogo, na hakuna namna ya kulirudisha.

### 2. Punguza kifundo cha mguu

Kata kwa msumeno wa upinde juu ya mstari wa milimita 50, ukiacha shingo yenye unene wa milimita 40 hivi inayoungana taratibu na vidole. Malizia kwa tupa.

Usifanye shingo nyembamba sana. Viti vilivyovunjikia hapo ni vingi, kwa sababu mguu uliopinda unakata nyuzi za mbao kimshazari na shingo ndiyo penye nyuzi fupi kuliko kwingine.

### 3. Tufe kwanza

Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaanza na vidole kwa kuwa ndivyo vinavyopendeza. Kidole kinakaa juu ya tufe. Kama tufe halipo, kidole hakina pa kulalia, na utakuwa unabahatisha kina chake.

Pitisha patasi ya V kando ya mistari ya vidole, upande wa tufe, ukiacha milimita moja ya akiba. Kisha chukua bobari bapa ya milimita 20 na uigeuze, mgongo ukitazama juu, ili mdomo wake ufuate mviringo wa tufe. Anzia karibu na nukta, ukishuka kuelekea chini. Rudi karibu na nukta, kata kuelekea juu.

Kata daima kutoka penye mwinuko kwenda penye bonde. Ukipandisha patasi kutoka bondeni, inaingia chini ya nyuzi na kung'oa kibanzi, na kibanzi cha mahogani hukimbia mbali kuliko unavyotarajia.

Kila baada ya mizunguko michache, rudisha mistari ya V ndani zaidi, kisha endelea kuviringisha. Kazi hizi mbili zinakwenda kwa zamu. Karibu na vidole tufe linazama sana, hadi milimita 10 na zaidi. Mafundi wapya huogopa kina hiki, wakaacha tufe bapa lenye kingo zilizokwanguliwa tu.

Kata kadibodi kwa umbo la mviringo unaoutaka na uitumie nyuso zote nne.

*Unajua umefaulu* pale unapofumba macho, ukapitisha kidole gumba juu ya uso mmoja, na hakuna bapa popote. Nukta ya penseli bado ipo. Ukitazama kutoka chini, nyuso nne zinaonekana ni za tufe moja lililopita nyuma ya vidole.

### 4. Vidole na vifundo

Kidole cha mbele na viwili vya pembeni vina vifundo vitatu kila kimoja, kisha ukucha. Cha nyuma ni kifupi na kimya zaidi.

Weka alama ya vifundo kwenye ukingo wa kila kona, vyote kwa urefu mmoja. Kifundo ni mahali pasipoguswa. Kinachokatwa ni bonde kati ya kifundo na kifundo. Tumia bobari ya milimita 8, ukikata kutoka kifundo cha juu kushuka, kisha kutoka kifundo cha chini kupanda, mikato ikutane bondeni.

Baadaye viringisha mbavu za kidole. Tazama mkono wako mwenyewe ukishika chungwa: mfupa umejitokeza juu, nyama imeteremka pande mbili, na kidole kinapungua upana katikati ya vifundo. Hicho ndicho unachochonga. Kidole chenye upana mmoja toka juu hadi chini kinakuwa mshipi, na mshipi haushiki kitu.

Ukucha uanze kwa ngazi ndogo chini ya kifundo cha mwisho, ambapo ngozi inaishia. Upunguze kuelekea ncha na uupinde uingie kwenye tufe.

Neno kuhusu miji ya Marekani. Vidole vya Philadelphia vinashika kwa nguvu na mishipa yake inapanda hadi kwenye shingo. Vya Boston, vile vya pembeni vimeelekezwa nyuma. Vya New York vimekaa kimraba. Huko Newport, katika karakana za koo za Townsend na Goddard, kucha nyingine zilitobolewa kabisa nyuma yake, mwanga ukapita kati ya ukucha na tufe. Usijaribu hiyo ya Newport kwenye mguu wako wa kwanza. Ila ujue tofauti, kwa sababu kiraka cha kidole cha Philadelphia kwenye kiti cha Boston kitasomeka kama herufi ya mwandiko mwingine.

### 5. Ngozi kati ya vidole

Juu ya tufe, vidole vinaunganishwa na ngozi nyembamba iliyojipinda kama upinde mdogo. Chora upinde huo kwa penseli, ukate kwa bobari ambayo mdomo wake una mviringo huo huo, kwa pigo moja la nyundo. Kisha lainisha tufe kuuelekea mkato.

### 6. Malizia kwa chuma

Tumia skrepa kwenye tufe na tupa ndogo kwenye mabonde. Msasa uje mwisho kabisa, na ukishaugusa mguu kwa msasa usirudi tena na patasi: chembe za mchanga hubaki kwenye vitundu vya mbao na zitakula makali yako yote.

Acha alama nyepesi za patasi mahali pa siri. Miguu halisi inazo.

Chonga wa pili. Ukiona wa pili unafanana na wa kwanza kwa kimo cha vifundo na mviringo wa tufe, uko tayari kwa kiti.

## Sehemu ya pili: kiti chenyewe

### 7. Tambua ni kiti cha lini

Baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, viwanda vya Marekani vilitengeneza viti vya mtindo huu kwa wingi. Kuna uwezekano mkubwa kilicho mbele yako ni kimoja cha hivyo, na hicho ni kizuri kwa kujifunzia.

Pindua kiti. Ndani ya fremu ya kikalio, laza taa. Alama za msumeno zilizopinda kama sehemu ya duara kubwa zinaonyesha mashine ya karne ya 19 au baadaye. Mawimbi ya randa ya mkono na mistari iliyonyooka isiyolingana ni dalili ya kazi ya zamani. Kwenye viti vya Philadelphia, ulimi (ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la kiungo) wa fremu ya pembeni mara nyingi umetoboa mguu wa nyuma hadi ng'ambo, na unaonekana kwa nyuma. Ni dalili nzuri, lakini haitoshi peke yake.

Dalili zikikusanyika, simama. Dawati moja lenye kabati la Newport, la ukoo wa Brown, liliuzwa New York mwaka 1989 kwa zaidi ya dola milioni 12. Kitu cha daraja hilo kinahitaji mhifadhi aliyesomea, na Marekani wapo: jumba la makumbusho la Winterthur huko Delaware hufundisha kazi hiyo pamoja na chuo kikuu cha Delaware. Kumwambia mteja hivyo ni sehemu ya ufundi.

Kama huna kiti halisi cha kutazama, nenda kwenye jumba la sanaa la Philadelphia au kitengo cha Marekani cha jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, upige magoti mbele ya miguu. Samani alizoagiza tajiri John Cadwalader kwa nyumba yake ya Philadelphia karibu na mwaka 1770 zinastahili safari.

### 8. Piga picha, pima, andika

Piga picha za mguu pande zote, na za mguu mzima wa ng'ambo. Pima upana wa kila kidole kwenye kila kifundo. Kumbuka mguu wa kushoto na wa kulia hutazamana. Usinakili bila kugeuza.

Tafuta kile kipande kilichovunjika. Muulize mwenye kiti, angalia kwenye droo. Kikipatikana, kazi yote ya kuchonga inafutika: unakisafisha, unakirudisha kwa gundi ya ngozi bila kukata chochote, unahamia hatua ya 13.

### 9. Safisha jeraha

Kama mtu wa zamani alitumia gundi ya ngozi, inaondoka kwa maji ya vuguvugu na subira. Ikiwa ngumu, matone machache ya spiriti huifanya ikauke na kupasuka. Jihadhari sana: spiriti hiyo hiyo huyeyusha shelaki, basi funika kingo za jeraha na tumia brashi ndogo. Na usiwe na moto karibu.

### 10. Tengeneza uso wa kubandikia

Kiraka kinahitaji uso bapa. Kuupata inabidi ukate kidogo ya mbao ya asili, na hapa mkono uwe mchoyo. Kata kwa patasi nyoofu mpaka uso uwe sawa, ukome. Nikilazimika kuchagua kati ya kiungo kizuri sana na milimita mbili za mbao ya mwaka 1770, nachagua kuacha zile milimita, kwa sababu kiungo kinaweza kufanywa tena.

Uelekeze uso huo ili mstari wa kiungo uangukie kwenye bonde kati ya vifundo. Kivuli cha bonde kitauficha.

### 11. Andaa kipande na ukibandike

Kata kipande kikubwa kuliko kidole kwa milimita 5 kila upande. Nyuzi zake ziende sambamba na za mguu. Lowesha uso wake kwa spiriti: rangi unayoiona hapo ndiyo itakayotoka chini ya shelaki. Ikiwa nyeusi kuliko mguu, tafuta kipande kingine. Cheupe kinaweza kupakwa rangi. Cheusi hakifanywi cheupe.

Mgongo wa kipande uwe sambamba na uso wa gundi ili klampu ibane bila kuteleza. Hii ndiyo faida ya pili ya kubandika kabla ya kuchonga: kidole kilichokamilika hakina mahali pa kushika.

Gundi: loweka uzito mmoja wa chembe kwa uzito mmoja na nusu wa maji baridi hadi zivimbe. Pasha ndani ya sufuria ya maji, sentigredi 60. Ikichemka inapoteza nguvu. Imwage, upike nyingine. Iko tayari inapoteremka kwenye brashi kwa mkondo mmoja usiokatika.

Kwa nini gundi hii? Kwa sababu joto na unyevu vinaifungua. Fundi wa miaka mia ijayo ataweza kuitoa kazi yako bila kuvunja ya yule wa kwanza.

Pasha moto kidogo kipande na jeraha, maana una dakika moja hivi kabla ya gundi kuganda. Paka pande zote mbili, sugua kipande mbele na nyuma mpaka kinate, bana. Penye umbo baya, zungusha mpira wa baiskeli kwa mvuto. Acha saa 24.

*Ilivyo sahihi:* mstari mwembamba wa gundi umetoka kandokando yote, na baada ya kukauka ukucha wa kidole chako hausikii ufa.

### 12. Chonga hapo hapo

Funga mguu kwenye jiriwa kwa vitambaa vinene. Funika tufe na vidole vya asili kwa mkanda wa karatasi unaobandika kidogo tu, uliojaribiwa kwanza mahali pa siri.

Hamisha urefu wa vifundo kutoka kidole jirani hadi kwenye kipande kwa bikari. Ondoa wingi kwa bobari ya milimita 12, kisha fuata hatua ya 4. Patasi ikielekea kwenye mbao ya asili, iishie milimita moja kabla. Hiyo milimita ya mwisho ikatwe kwa mkono bila nyundo.

Chonga kidole kilichochakaa, kisiwe kipya. Wenzake wamegongwa na viatu na mifagio kwa zaidi ya karne mbili. Vifundo vyao vimelainika. Laza taa pembeni ulinganishe vivuli. Vivuli vikiwa sawa, umbo ni sawa, hata kama rangi bado zinapingana.

### 13. Rangi juu ya shelaki

Paka shelaki nyepesi kwenye kiraka peke yake kwanza. Rangi ije juu ya tabaka hilo, imechanganywa na shelaki, kidogo kidogo kwa brashi nyembamba, ukianza na nyekundu ya kahawia na kumalizia na nyeusi kidogo mabondeni. Ikikosewa, spiriti inaitoa bila kuacha doa kwenye mbao.

Usitumie kemikali ya daikromati ya potasiamu kutia weusi mahogani, hata kama vitabu vya zamani vinaisifu. Ni sumu na husababisha saratani.

Usikwangue wala kupiga msasa rangi ya asili ya mguu ili ilingane na kiraka chako. Kiraka ndicho kinachofuata mguu. Ule weusi wa mabondeni na mng'ao wa vifundoni haviwezi kutengenezwa upya, na mnunuzi anayejua huvitafuta kabla ya kutazama kitu kingine.

### 14. Nta, sakafu na karatasi

Shelaki ikikaa wiki, pitisha nta kwa kitambaa laini, mguu wote. Simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa. Tufe ndilo linalobeba uzito. Ncha ya ukucha mpya isikanyage chini kabla yake, vinginevyo itavunjika tena mtu wa kwanza akikaa. Pitisha karatasi chini ya ukucha: inapaswa kupita.

Kwa kalamu ya wino andika mwaka kwenye kitako cha kiraka. Mpe mwenye kiti picha za kabla na baada, pamoja na karatasi inayosema kidole kipi ni kipya, mbao gani, gundi gani. Mwambie pia akiinue kiti kwa fremu ya kikalio anapokihamisha, asikiburute.